Pasi ya Reli au Tiketi Moja Moja?

Katika barua zilizotufikia mwezi huu imo moja iliyotoka Mwanza, imeandikwa na dada yetu mwenye adabu na mwenye kupenda hesabu. Atueleza kwamba wazazi wake, baba wa miaka 63 na mama wa miaka 58, wamealikwa na watoto wao walioko Ulaya. Kaka yake yuko Hamburg katika nchi ya Ujerumani, mdogo wake wa kike ameolewa Rotterdam katika Uholanzi, na mjomba wao akaa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Wazee watashukia uwanja wa ndege wa Frankfurt, watakaa siku 40, kisha watarejea kwa njia ile ile. Fedha za safari zimechangwa na watoto wote kwa muda wa miaka mitatu, nyingine zikitoka katika mshahara na nyingine katika biashara ya dagaa, nazo zimewekwa mikononi mwa dada huyu. Zitakazosalia zimeahidiwa kuwa karo ya mdogo wao wa mwisho.

Basi hapo pameingia mzozo. Kaka wa Hamburg asema wazazi wanunuliwe pasi za reli, wapande treni yoyote waitakayo, kwani si haki kuwahesabia wazee senti. Dada wa Rotterdam asema zikatwe tiketi moja moja, kwani pasi ni kuwatajirisha wenye reli. Maneno yamekuwa makali hata mmoja hapokei simu ya mwenziwe. Baba amenyamaza. Mama amesema, "Chagueni lile ambalo halitawagombanisha." Na mwenye kushika fedha atuuliza sisi: lipi lililo sawa?

Twamjibu kwa urefu kidogo, kwa sababu tunajua nyumba nyingi za pwani hii ya ziwa zina watoto ng'ambo, na swali hili laweza kubisha hodi katika mlango wowote.

Kwanza yatupasa kufahamu tuzungumzalo. Tiketi moja moja haihitaji maelezo: mtu hutaja atokako na aendako, hulipa nauli, akasafiri. Pasi ya reli ni kitu kingine, wala msomaji asiichanganye na ile pasi ya kusafiria itolewayo na Serikali. Hii ni ruhusa, nayo siku hizi hukaa ndani ya simu, imwezeshayo mtu kupanda treni za kampuni nyingi katika nchi nyingi kwa idadi ya siku alizozilipia, pasipo kukata tiketi kila stesheni.

Pasi hizo ziko mbili, na majina yake yashabihiana kama mapacha. Moja yaitwa Eurail, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 kwa wageni watokao nje ya Ulaya. Nyingine yaitwa Interrail, iliyoanza mwaka 1972, na wakati huo ilikuwa ya vijana wasiozidi miaka 21. Leo zote mbili huuzwa kwa watu wa umri wote, na hutumika katika nchi 33. Kinachozitenga ni makazi ya mtu, wala si rangi yake wala taifa lake. Wazee hawa wakaao Mwanza ni watu wa Eurail. Mtoto wao aliye Hamburg kwa kibali cha kuishi, hata kama angali Mtanzania, ni mtu wa Interrail. Akiwanunulia wazazi pasi ya aina yake kwa kudhani ni ile ile, atakuwa amewapa kitu kisicho halali kwao kukitumia, na mkaguzi wa treni hatasikiliza udhuru.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Watu wa ziwa wanaijua tofauti ya kukodi mtumbwi kwa siku nzima na kulipa nauli ya kichwa. Mvuvi mwenye kazi ya kuzunguka visiwa vitano kwa siku moja hukodi, naye hupata faida. Lakini mtu aendaye Ukerewe kumzuru shangazi yake, akakaa huko wiki mbili kisha akarudi, akikodi mtumbwi umngojee pwani, watu watamcheka. Mtumbwi ni ule ule na bei ya kuukodi ni ile ile. Tofauti iko katika safari za mtu. Kadhalika pasi ya reli: haisemwi kuwa ni ghali wala rahisi mpaka kwanza zihesabiwe safari za yule atakayeitumia.

Basi tuzihesabu safari za wazee wetu. Siku ya 1 watatoka Frankfurt kwenda Hamburg. Siku ya 21 watatoka Hamburg kwenda Rotterdam. Siku ya 36 watatoka Rotterdam kwenda Brussels. Siku ya 40 watatoka Brussels kurudi Frankfurt. Ni safari nne, na tarehe zake zajulikana. Siku nyingine zote watakuwa nyumbani kwa watoto wao, wamewapakata wajukuu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwani hutazama idadi ya siku na kusahau muda. Pasi ya siku 4, ya siku 5 na ya siku 7 hutumika ndani ya mwezi mmoja tu. Atakaye miezi miwili hana budi kununua ile ya siku 10 au ya siku 15. Wazee hawa wakiianza pasi ya siku 4 pale Frankfurt siku ya 1, itakufa kabla ya safari ya tatu, nao watakuwa wametumia siku mbili katika nne. Wakinunua ya siku 10, watalipia kumi na kutumia nne. Au waikate safari ya kwanza kwa tiketi, kisha waianze pasi siku ya 21. Hapo watalipia nne na kutumia tatu. Kwa kila upande pana siku zilizolipiwa ambazo hakuna atakayezisafiri.

Tuitazame na bei. Kwa kuwa bei hubadilika, tutatumia tarakimu za mfano tu, kama tufanyavyo chuoni tunapowafundisha watoto hesabu ya mirathi. Tuseme pasi ya siku 4 ni euro 300 kwa mtu mmoja. Basi kila siku ya safari ina euro 75. Tuseme tena tiketi zilizokatwa mapema ni euro 40, 60, 30 na 40. Jumla ni 170 kwa mtu mmoja, na 340 kwa wazee wawili, na pasi zao zingekuwa 600. Tofauti ni euro 260, nayo ni sehemu ya karo ya yule mtoto wa mwisho.

Lakini tukifunga daftari hapa hatutakuwa tumemtendea haki kaka wa Hamburg. Safari zile zile, tiketi zikikatwa dirishani asubuhi ya safari, zaweza kufika euro 130, 120, 40 na 110. Jumla 400 kwa mmoja, 800 kwa wawili, na hapo pasi ya mfano wetu, lau muda wake ungetosha, ingekuwa nafuu zaidi. Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu reli nyingi za Ulaya zimeiacha ile desturi ya nauli moja kwa kila siku. Viti vya bei ndogo hutolewa miezi kadhaa kabla, navyo ni vichache. Vikishauzwa, bei hupanda. Huko Ujerumani tiketi ya treni ya kasi ya ndani ya nchi huweza kupatikana kwa chini ya euro 20 kwa aliyewahi, na jirani yake katika behewa lile lile akawa amelipa mara kadhaa ya hiyo. Basi tiketi moja moja hushinda kwa mwenye kujua tarehe zake na kuzikata mapema. Kwa asiyejua tarehe, pasi yaweza kumwokoa.

Hata hivyo pasi haimalizi gharama zote. Katika nchi kama Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi, treni nyingi za ndani hupandwa kwa pasi bila ya kulipa zaidi. Lakini treni za kasi za Ufaransa, Hispania na Italia hudai nafasi iwekwe kwanza, na nafasi hiyo hulipiwa juu ya pasi. Huko Ufaransa mara nyingi ni euro 10 hadi 20 kwa kila safari, na katika treni iitwayo Eurostar, iendayo London, Paris, Brussels na Amsterdam, huweza kufika euro 30 na zaidi. Treni za kulala usiku nazo ni hivyo hivyo. Tena viti vya wenye pasi huwa na kikomo, navyo vikijaa, mtu ataliangalia treni likiondoka ilhali pasi i mkononi. Kutoka Rotterdam kwenda Brussels kuna Eurostar, na kuna treni ya kawaida isiyodai nafasi. Mwenye busara huuliza kabla ya kupanda.

Liko na jambo la simu. Pasi ya siku hizi haitoshi kununuliwa tu. Yataka kuanzishwa ndani ya simu, na kila safari iandikwe humo kabla ya mtu kupanda. Asiyeandika huhesabiwa kama asiye na tiketi, na hutozwa faini. Wazee wawili waweza kuwekwa katika simu moja wakisafiri pamoja. Lakini tumuulize dada yetu: je, baba ana simu ya namna hiyo, naye aimudu? Ikiwa sivyo, ule uhuru uliokusudiwa utageuka kuwa wasiwasi kila wanapofika stesheni. Tiketi iliyochapwa katika karatasi, yenye tarehe, saa na namba ya behewa, mzee huitia mfukoni akatulia.

Tahadhari iliyo kubwa kuliko zote kwa msafiri atokaye Tanzania ni viza. Pasi yasema nchi 33, na mtu akadhani amefunguliwa milango 33. La, hasha! Viza ya Schengen humwingiza mtu katika nchi 29, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland zimo katika pasi, lakini hazimo katika viza hiyo. Vivyo hivyo Uturuki na Serbia. Wazee wakiwa Brussels wakashawishika kwenda London kwa sababu pasi yaruhusu, watazuiwa wasipokuwa na viza ya Uingereza. Na hata wakiwa nayo, kama viza yao ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, wakishatoka hawataweza kurudi Frankfurt walikoiacha ndege yao. Reli huuza usafiri, wala haiuzi ruhusa ya kuingia katika nchi.

Viza hiyo hiyo yagusa na upande wa tiketi. Tumesema tiketi za mapema ni nafuu, lakini nyingi za zile zilizo nafuu kabisa hazirudishiwi fedha. Je, mtu akate tiketi ilhali ubalozi haujajibu? Twaona asifanye hivyo. Maombi ya viza ya Schengen huruhusiwa kupelekwa tangu miezi sita kabla ya safari, na yasipelekwe pakiwa pamesalia chini ya siku 15. Basi na wapeleke mapema, wapate jibu, ndipo wakate tiketi. Katika jambo hili pasi ina fadhila yake: pasi ya kawaida ambayo haijaanzishwa hurudishwa kwa kukatwa sehemu ya fedha, tena mtu aweza kuiweka hadi miezi 11 kabla ya kuianzisha. Lakini pasi ziuzwazo kwa bei ya punguzo mara nyingi hazirudishwi. Masharti yasomwe kabla fedha hazijatoka.

Tiketi ya bei ndogo ina na mtego mwingine: humfunga mtu na treni moja. Aliyeandikiwa saa nne asubuhi hapandi ile ya saa sita. Kwa hiyo ndege ikichelewa kufika Frankfurt, tiketi ya kwenda Hamburg yaweza kupotea bure. Dawa yake ni kuacha nafasi ya saa kadhaa baina ya ndege na treni, au kwa safari hiyo moja kukata tiketi isiyofungwa na treni, ijapokuwa bei yake ni kubwa. Saa hizo za kungoja hazipotei. Wazee watapumzika, watatia udhu, na kuswali kwa utulivu.

Na pale penye kubadili treni njiani, kama Hamburg hadi Rotterdam, itafutwe tiketi moja ya safari nzima, zisikatwe vipande vipande kwa kampuni mbalimbali. Wazee wa Mwanza wataifahamu sababu yake. Reli ilifikishwa hapa kutoka Tabora mwaka 1928, na tangu mwaka 1948 lilipoundwa Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, treni za nchi kavu na meli za ziwani zilikuwa mkononi mwa mwenyewe mmoja. Wenyewe wakiwa wawili, kila mmoja husema, "Kuchelewa kule si kwangu." Ulaya nako ni vivyo hivyo. Mwenye tiketi moja ya safari nzima akikosa treni ya pili kwa kuchelewa kwa ile ya kwanza, kampuni ina wajibu wa kumfikisha aendako. Mwenye vipande huenda akaachwa. Tena sheria ya Umoja wa Ulaya humrudishia msafiri robo ya nauli akichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119, na nusu ikiwa ni dakika 120 au zaidi, isipokuwa pakiwa na sababu kubwa zilizo nje ya uwezo wa kampuni. Risiti zitunzwe, haki idaiwe.

Imebaki habari ya zile siku 20 za Hamburg. Huko Ujerumani iko tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Hupandisha mtu mabasi, treni za mjini na treni za mikoani nchi nzima, lakini si zile za kasi zipitazo baina ya miji mikubwa. Mzee atakayetoka kila siku kwenda msikitini, sokoni na kuwapeleka wajukuu shule huenda ikamfaa. Atakayetoka mara mbili kwa wiki na alipe nauli ya kila safari. Na anayeinunua akumbuke kwamba ni ya kujirudia kila mwezi mpaka isimamishwe, na ilani ya kuisimamisha hutolewa kabla ya kupita tarehe 10 ya mwezi ule. Asiyefanya hivyo, wazee watakuwa wamesharejea Mwanza wanaota upepo wa ziwa, na fedha zingali zakatwa Hamburg. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda msomaji akauliza, "Je, pasi haimfai mtu yeyote?" Humfaa, tena sana. Kijana mwanafunzi, mwenye likizo ya mwezi mmoja, atakaye kuona miji saba katika siku saba za safari ndefu, asiyejua kesho atalala wapi, huyo pasi ni yake, na wasiozidi miaka 27 hupunguziwa bei. Familia yenye watoto wa miaka 4 hadi 11 nayo na iitazame, kwani kila mtu mzima huweza kuchukua watoto wawili bila malipo ya pasi, ijapokuwa nafasi za viti vyao hulipiwa. Mwenye miaka 60 na kuendelea hupata punguzo la asilimia 10, na katika nyumba hii baba angelipata, mama asingelipata. Lakini punguzo la kitu usichokihitaji halikuongezei kitu.

Kwa hiyo hukumu yetu kwa jamaa hawa ni hii: tiketi moja moja, zikatwe baada ya viza kutoka na mapema kadiri iwezekanavyo, kila safari kwa tiketi moja kamili, na ile ya Frankfurt iachiwe nafasi ya kutosha. Kaka wa Hamburg asione kuwa ameshindwa. Amekusudia kuwatukuza wazazi, na kusudi lake lina njia iliyo bora zaidi: aende mwenyewe Frankfurt akawapokee, awabebee mizigo, akae nao kitini mpaka Hamburg. Heshima hiyo haiuzwi katika pasi yoyote. Dada wa Rotterdam naye asidhani kila mwenye kupenda pasi ni mfujaji, kwani pana safari ambazo yeye mwenyewe angeihitaji.

Na wewe, dada yetu mshika fedha, hujawavunjia wazazi wako heshima kwa kuhesabu. Ulichonacho ni amana ya watu wengi, na mwenye amana asipohesabu ndipo alaumiwe. Andika safari nne katika karatasi, andika tarehe na bei zake zote mbili, uwapelekee ndugu zako wote wawili karatasi ile ile, kwa saa ile ile, wala usimtangulize mmoja. Tarakimu zina upole wa namna yake: hazimtukani mtu. Kisha umwonyeshe mama, kwani ndiye aliyetaka jambo lisilowagombanisha, na umwambie baba kwamba karo ya mtoto wake wa mwisho ipo.

Wabillahi tawfiq.